Kitili Mwendwa: Jaji Asiyepata Kesi

Marehemu Kitili Mwendwa, mwana wa Chifu Mwendwa wa Kitui, alisomea sheria Uingereza. Mwaka 1968 akawa Mwafrika wa kwanza kukalia kiti cha Jaji Mkuu wa Kenya. Hakukikalia sana. Katika kesi ya njama ya mapinduzi ya 1971 jina lake lilitajwa, pamoja na la Mkamba mwenzake, Meja Jenerali Ndolo, mkuu wa majeshi. Wote wawili walijiuzulu, hakuna aliyeshtakiwa. Wengi huiita hiyo bahati. Mimi naona vingine: mshtakiwa hupewa nafasi ya kujitetea, na mkuu huyu wa mahakama zote nchini hakuipata. Hata hivyo, baadaye watu wa Kitui Magharibi walimchagua awe mbunge wao. Alifariki mwaka 1985 katika ajali ya barabarani.