Nanji Kalidas Mehta: Kutoka Duka la Kamuli hadi Kiwanda cha Lugazi

Miongoni mwa watu waliotoka Gujarat kuja Afrika Mashariki bila mtaji, wakaacha kazi inayoonekana hadi leo, Nanji Kalidas Mehta hutajwa mapema. Wengi humkumbuka kama tajiri wa sukari. Ni vyema mfanyabiashara mdogo akumbuke kwamba kabla ya sukari palikuwa na pamba, na kabla ya pamba palikuwa na duka.

Alizaliwa mwaka 1887 katika kijiji cha Gorana, karibu na Porbandar, katika jamii ya Walohana, ambao biashara ni kazi yao ya jadi. Elimu yake ya darasani ilikuwa ndogo. Mwanzoni mwa karne ya 20, akiwa hajatimiza miaka 15, aliabiri chombo cha matanga kilichosukumwa na pepo za kaskazi, akafika Afrika.

Baada ya miaka ya kujifunza kazi alifungua duka Kamuli, katika nchi ya Busoga, Uganda. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imekwisha kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901, na wakulima wa Uganda walikuwa wameanza kulima pamba ya kuuza. Mkulima aliyeuza pamba alipata fedha za kununulia nguo, chumvi na jembe. Kwa hiyo mwenye duka aliyetazama mbali aliona kwamba mteja wake na mkulima wa pamba ni mtu mmoja: mavuno yakiharibika, duka nalo hulala njaa. Nanji akaanza kununua pamba.

Hatua iliyofuata ilitokana na hesabu rahisi. Pamba itokayo shambani ina mbegu ndani yake, na mbegu hizo huchukua takriban theluthi 2 za uzito. Anayesafirisha pamba ghafi hulipia mzigo mkubwa kwa ajili ya nyuzi chache. Nanji alijenga viwanda vya kuchambulia pamba karibu na mashamba, kimoja baada ya kingine. Hakurukia biashara asiyoijua. Alisogea hatua moja tu mbele ya ile aliyokwisha kuimudu.

Lakini bei ya pamba iliamuliwa mbali, Bombay na Liverpool. Mwaka 1924 alianzisha kiwanda cha sukari Lugazi, kati ya Kampala na Jinja, cha kwanza cha aina yake nchini Uganda. Sukari ilikuwa na soko hapo hapo nchini. Hata hivyo kazi yake haina mzaha: muwa ukisha kukatwa hauna budi kusagwa katika muda wa siku moja au mbili, la sivyo utamu wake hupungua. Mashamba, barabara, magari, mitambo na watu lazima vyote viende kwa saa moja. Hapo ndipo mwenye duka alipolazimika kuwa kiongozi, kwa maana hakuna mtu mmoja awezaye kusimamia kila panga na kila kinu kwa macho yake. Ilimpasa kuwapa wengine madaraka, na kuwalea warithi wa kazi mapema.

Historia ya biashara ile ina upande mchungu pia, na haifai kufichwa. Wakulima wengi wa Buganda waliona kwamba jasho ni lao ilhali mizani na mashine zimo mikononi mwa wageni. Mwaka 1949 zilizuka ghasia, na miongoni mwa madai yao ilikuwa haki ya kuchambua na kuuza pamba yao wenyewe. Miaka iliyofuata serikali iliviwezesha vyama vya ushirika kumiliki viwanda vya pamba. Biashara inaweza kuwa halali kisheria na bado ikawaacha wanaoilisha wakinung'unika. Mwenye hekima husikiliza nung'uniko kabla halijawa kelele.

Nanji mwenyewe aliamini kwamba mali ni amana. Katika miaka ya 1930 alianzisha Porbandar shule ya bweni ya wasichana, Arya Kanya Gurukul, wakati ambapo wazazi wengi hawakuona haja ya kumsomesha binti. Mjini humo humo aligharimia ujenzi wa Kirti Mandir, kando ya nyumba alimozaliwa Mahatma Gandhi, uliofunguliwa mwaka 1950.

Alifariki mwaka 1969. Miaka 3 baadaye Waasia walifukuzwa Uganda, na Lugazi ikatoka mikononi mwa familia yake. Katika miaka ya 1980 familia ilirejea, na kiwanda kilichokuwa kimechakaa kikafufuliwa kwa ubia na serikali. Hati za umiliki zilikuwa zimefutwa kwa amri moja. Ujuzi wa kazi, uliopandwa katika kizazi cha pili, haukufutika.

Ndugu msomaji mwenye duka, karakana au ofisi ndogo, maisha haya yanakuachia maswali ya kujiuliza unapofunga hesabu za mwaka. Hatua yako ijayo inatokana na kazi unayoijua, au na tamaa ya kazi ya jirani? Anayekuuzia na anayekufanyia kazi wanaiona mizani yako kuwa ya haki? Na ukiondoka leo, ni nani aliyefundishwa kuendelea?