Humphry Davy: Mwanasayansi Aliyejifunza Kujikinga

Ewe mwanafunzi, je, umepata kuota moto wa jiko la mkaa wakati wa baridi? Katika Mkoa wa Songwe, miezi ya Juni na Julai huwa na baridi kali, hasa katika nyanda za juu za Mbozi na Ileje. Wako watu ambao huingiza jiko chumbani, wakafunga mlango na madirisha, kisha wakalala. Imepata kutokea kwamba kulipokucha watu wa namna hiyo hawakuamka. Hawakupigwa, wala hawakula chakula kibaya. Waliuawa na gesi isiyo na rangi wala harufu, iitwayo kaboni monoksidi. Gesi hiyo hutoka katika mkaa unaoungua mahali penye hewa haba.

Zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, kijana mmoja wa Uingereza aliivuta gesi hiyo kwa makusudi, akitaka kujua itamfanya nini. Nusura afe. Kijana huyo aliitwa Humphry Davy. Baadaye alikuwa mmoja wa wanasayansi mashuhuri wa zama zake, na kazi yake iliwafaa wachimbaji wengi wa makaa ya mawe. Soma habari za maisha yake kwa makini, kwa maana yaliyompata yatakufaa siku utakapoingia katika maabara ya shule ya sekondari.

Utoto na ujana

Davy alizaliwa tarehe 17 Desemba, 1778, katika mji mdogo wa Penzance, ulio pwani ya kusini-magharibi ya Uingereza. Alikuwa mtoto wa kwanza katika familia ya watoto watano. Baba yake, aliyekuwa mchongaji wa mbao, alifariki mwaka 1794, akaiachia familia madeni. Mwaka uliofuata Humphry alipelekwa kwa tabibu mmoja wa mji huo ili ajifunze kuchanganya dawa na kutibu wagonjwa.

Huko ndiko alikoanza kuipenda kemia. Hakuwa na maabara. Alifanya majaribio yake katika chumba cha darini, akitumia vyombo vya kawaida vya nyumbani. Inasimuliwa kwamba watu waliokaa naye waliogopa kuwa siku moja angeilipua nyumba.

Mwaka 1798, kabla hajatimiza miaka 20, aliitwa kufanya kazi katika mji wa Bristol. Hapo daktari Thomas Beddoes alikuwa ameanzisha kituo cha kuchunguza kama gesi zinaweza kutibu magonjwa. Kazi ya Davy ilikuwa kutengeneza gesi mbalimbali na kuchunguza tabia zake.

Mwili wake ulikuwa kipimo

Hebu fikiri jinsi kazi hiyo ilivyokuwa ngumu. Siku zile wanasayansi hawakuwa na vifaa vingi vya kupimia gesi, wala hawakuwa na orodha ya gesi zenye sumu. Davy alitumia kipimo alichokuwa nacho, yaani mwili wake mwenyewe. Alijaza gesi katika mfuko, akaivuta kwa mdomo, kisha akaandika aliyoyasikia mwilini.

Gesi moja aliyoivuta ilimletea furaha na kumwondolea maumivu ya kinywa. Ilikuwa oksidi ya naitrojeni ambayo watu wengi huiita gesi ya kuchekesha. Mwaka 1800 Davy alichapisha kitabu ambamo alieleza kuwa huenda gesi hiyo ingefaa kutuliza maumivu wakati wa upasuaji. Matabibu hawakulishughulikia wazo hilo mpaka mwaka 1844, wakati daktari wa meno wa Marekani, Horace Wells, alipoitumia katika kung'oa jino.

Lakini usidhani kuwa jaribio moja likienda vema, na jingine litakwenda vema. Davy alivuta oksidi nyingine ya naitrojeni. Gesi hiyo ilipokutana na hewa na unyevu kinywani mwake iligeuka kuwa asidi, ikamuunguza ulimi na kaakaa.

Hata hivyo hakuacha. Alipitisha mvuke wa maji juu ya mkaa wenye moto mkali, akapata mchanganyiko wa haidrojeni na kaboni monoksidi. Alivuta pumzi chache tu za mchanganyiko huo. Mara nguvu zikamwishia, mfuko ukamponyoka, mapigo ya moyo yakadhoofika. Alitolewa nje penye hewa safi, akapata nafuu, lakini aliteseka kwa saa nyingi kwa kichwa kuuma na udhaifu wa mwili. Kama angevuta pumzi chache zaidi, huenda habari zake zingeishia hapo, naye alikuwa bado hajafanya hata moja ya kazi zake kubwa.

Metali zinazowaka katika maji

Mwaka 1801 Davy alihamia London, akawa mwalimu wa kemia katika taasisi iitwayo Royal Institution. Huko alitumia betri kubwa kupitisha mkondo wa umeme katika kampaundi mbalimbali. Mwaka 1807 alipata metali mbili ambazo hakuna mtu aliyekuwa amezitenga kabla yake, yaani potasiamu na sodiamu. Mwaka 1808 alipata nyingine, zikiwemo kalsiamu na bariamu.

Potasiamu ni metali laini inayoweza kukatwa kwa kisu. Lakini ikiangushwa katika maji hupasuka na kuwaka mwali wa rangi ya zambarau. Ndiyo sababu katika maabara potasiamu na sodiamu huhifadhiwa ndani ya mafuta, mbali na maji na hewa. Utakapoona chupa ya namna hiyo katika kabati la shule, usiiguse. Hiyo ni kazi ya mwalimu.

Jicho la Davy

Mwaka 1811 mwanakemia wa Ufaransa, Pierre Louis Dulong, aligundua kampaundi mpya ya naitrojeni na klorini. Ni kimiminiko kizito kama mafuta, nacho hulipuka kikitikiswa au kikipata joto kidogo. Dulong alipoteza jicho moja na vidole katika uchunguzi wake. Davy alipata habari za kimiminiko hicho, akakitengeneza mwenyewe mwaka 1812. Kililipuka, na kipande cha kioo kikamchoma katika jicho.

Kwa muda Davy hakuweza kuandika. Ilimbidi atafute mtu wa kumwandikia. Aliyepatikana alikuwa kijana maskini aliyekuwa amejifunza kazi ya kujalidi vitabu, jina lake Michael Faraday. Mwezi Machi, 1813, Faraday aliajiriwa kuwa msaidizi katika maabara. Ndiye yule ambaye baadaye aligundua namna ya kupata umeme kwa kutumia sumaku.

Sasa angalia jambo lililofuata. Davy na Faraday waliendelea kukichunguza kimiminiko kilekile, lakini safari hii walivaa barakoa za kioo usoni. Siku moja Faraday alikuwa ameshika neli ndogo yenye kimiminiko hicho, uso wake ukiwa karibu. Neli ililipuka mkononi mwake. Vidole viliumia, na vipande vya kioo viliruka mpaka kwenye barakoa. Macho yake yalisalimika.

Linganisha matukio hayo mawili. Kimiminiko kilikuwa kilekile. Aliyekuwa bila kinga aliumizwa jicho, na aliyekuwa na kinga hakuumizwa jicho. Mkono wa Faraday uliumia kwa sababu haukuwa na kinga.

Taa ya wachimbaji

Tarehe 25 Mei, 1812, mlipuko mkubwa ulitokea katika mgodi wa makaa ya mawe wa Felling, kaskazini ya Uingereza. Watu 92 walikufa, wakiwemo wavulana wadogo. Katika migodi ya makaa ya mawe hutoka gesi iitwayo methani, ambayo ikichanganyika na hewa kwa kiasi fulani hulipuka ikipata moto. Wachimbaji wa siku zile walimulika kwa mishumaa na taa zisizofunikwa. Hawakuweza kufanya kazi gizani, na mwanga wao ndio uliowaua.

Mwaka 1815 Davy aliombwa kusaidia. Alikwenda kuitazama migodi, kisha akaletewa gesi yake London katika chupa zilizozibwa. Safari hii hakuutumia mwili wake kuwa kipimo. Aliipima gesi hiyo hatua kwa hatua katika vyombo, mpaka akagundua kwamba mwali wa moto hauwezi kupita katika tundu jembamba la metali. Basi akaizungushia taa wavu wa waya wenye matundu 784 katika kila inchi mraba.

Kwa nini wavu huo huzuia moto? Gesi haishiki moto mpaka ipate joto la kutosha. Waya za wavu hunyonya joto la mwali na kulitawanya, na kwa hiyo gesi iliyo nje ya wavu haifikii joto la kuwaka. Hewa hupita na mwanga hupita, lakini moto hubaki ndani. Mwezi Januari, 1816, taa hiyo ilijaribiwa mgodini, ikafaulu. Davy alikataa kujipatia haki ya kuiuza peke yake, ili itengenezwe na yeyote. Katika miezi hiyohiyo fundi mwingine, George Stephenson, naye alikuwa ametengeneza taa yake ya usalama, na watu walibishana sana kuhusu nani aliyetangulia.

Hata hivyo taa hiyo haikuwa kinga kamili. Wavu ukitoboka, ukishika kutu, au ukipata moto mno, mwali huweza kutoka nje. Baadhi ya wachimbaji waliitegemea taa bila kuikagua, wakaingia mahali penye gesi nyingi, wakafa. Kifaa cha usalama humlinda yule tu anayekitunza na kukitumia ipasavyo.

Davy alikuwa rais wa chama cha wanasayansi cha Royal Society tangu mwaka 1820 hadi 1827. Alifariki Geneva, nchini Uswisi, tarehe 29 Mei, 1829, akiwa na umri wa miaka 50.

Mambo haya yanakuhusu

Makaa ya mawe yamo pia katika ardhi yetu, huko Kiwira na Kabulo wilayani Ileje. Mjini Tunduma, kwenye mpaka wetu na Zambia, utaona malori marefu yakingoja kuvuka, na baadhi yake hubeba mafuta. Mvuke wa petroli, kama methani ya mgodini, hungoja cheche moja tu. Kwa hiyo usiwashe kiberiti karibu na gari la mafuta.

Na utakapoingia maabara, ukumbuke kila kanuni kwa kisa chake. Usionje kitu chochote cha maabara, wala usile chakula humo, kwani Davy aliungua kinywa. Usiingize pua katika chupa. Mwalimu akikuruhusu kunusa, pungia hewa kidogo kwa mkono kuelekea puani. Fungua madirisha. Vaa miwani ya kinga kabla jaribio halijaanza, wala usielekeze mdomo wa neli usoni mwako au mwa mwenzako. Usichanganye vitu ambavyo hukuagizwa kuvichanganya. Ukimwagikiwa na asidi, osha mahali hapo papo hapo kwa maji mengi, kisha umwambie mwalimu. Usifiche ajali kwa kuogopa adhabu, maana jicho lililochelewa kuoshwa huweza kupofuka.

Usiseme kuwa Davy alijihatarisha akafanikiwa, nawe utafanya vivyo hivyo. Katika siku za Davy hatari nyingi zilikuwa hazijajulikana. Wewe umekwisha kuonywa.

Jaribio

Jaribio hili lifanywe na mwalimu. Washa mshumaa. Shika mpini wa kichujio cha chai cha chuma, kisha ukishushe polepole juu ya mwali mpaka waya ziuguse. Tazama kama mwali unapita juu ya waya. Ondoa kichujio baada ya sekunde chache, kabla waya hazijapata moto mno, na usiziguse mpaka zipoe.

Maswali

1. Kwa nini ni hatari kulala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa?
2. Potasiamu huhifadhiwa ndani ya nini? Eleza sababu.
3. Davy na Faraday wote walipatwa na mlipuko. Ni nini kilichofanya matokeo yatofautiane?
4. Eleza jinsi wavu wa waya unavyozuia moto kutoka katika taa.
5. Ukimkuta mtu amezirai katika chumba chenye jiko la mkaa, utafanya nini kwanza ili wewe mwenyewe usidhurike? Jadili pamoja na wenzako.