As-Suli, Bingwa wa Sataranji wa Baghdad

Zamani za Makhalifa wa Bani Abbas, mchezaji hodari wa sataranji alisifiwa kwa kufananishwa na as-Suli. Sifa hiyo ilivuma hata, miaka zaidi ya 300 baada ya kufa kwake, mwanachuoni Ibn Khallikan akalazimika kuwasahihisha waliodhani kuwa ndiye aliyeubuni mchezo wenyewe.

Jina lake ni Abu Bakr Muhammad bin Yahya, wa ukoo wa wakuu wa Kituruki wa Jurjan. Elimu yake ilikuwa mashairi na tarikhi, na diwani ya Abu Nuwas ni mojawapo ya alizozikusanya. Lakini sataranji ndiyo iliyompa jina kasrini. Khalifa al-Muktafi, aliyetawala tangu 902 hadi 908, alikuwa na mchezaji wake kipenzi, al-Mawardi. Siku waliposhindanishwa mbele yake, Khalifa alimshangilia kipenzi chake waziwazi, as-Suli akatahayari. Kisha akajikaza, akamshinda ushinde usio na shaka. Jina la al-Mawardi latokana na marashi ya mawaridi. Khalifa akamgeukia akamwambia kuwa marashi yake yamegeuka mkojo. Mapenzi ya wafalme ndiyo hayo!

Makhalifa wakapita, as-Suli akabaki. Alimsomesha ar-Radi utotoni, na mwanafunzi huyo alipotawazwa mwaka 934, mwalimu akawa mwandani wake. Nyumbani alijaza vitabu, kila safu na rangi yake ya ngozi; mahasidi wakamtungia shairi kwamba elimu yake imo rafuni, haimo kifuani.

Madhehebu yetu ya Shafi huuhesabu mchezo huu kuwa makuruhi, lakini as-Suli hakuponzwa na mchezo. Ar-Radi alifariki mwaka 940, na neema ikakatika. Uzeeni alisimulia habari juu ya Sayyidna Ali iliyowaghadhibisha watu, akatafutwa auawe. Akajificha Basra, akafia huko katika ufukara, karibu na mwaka 946.

Aliacha fumbo la kete nne tu: mfalme na waziri huku, mfalme na waziri kule, na waziri wa zama hizo alikwenda nyumba moja tu, kwa mshazari. Alidai kuwa hakuna awezaye kulifumbua ila aliyefundishwa naye. Likakaa miaka zaidi ya 1000, hadi miaka ya 1980, bingwa wa Kirusi Yuri Averbakh alipolifumbua.