Emmanuel Kataliko: Munande aliyezikwa Bukavu

Binti wa Vuhovi akimaliza masomo, akapata kazi ya ualimu ao uuguzi ku Bukavu, Goma ao Kisangani, kuna swali linamufikia hata mbele ya kuonyesha diploma: wewe ni wa kabila gani? Kijana mwanaume naye anaulizwa vilevile. Leo tunakumbuka mtu wa kwetu ambaye swali hilo lilimufuata mpaka mwisho: Askofu Emmanuel Kataliko.

Alizaliwa 1932, mtoto wa Wanande. Alisoma Roma, akapewa upadri 1958. Mwaka 1966, hata miaka 35 hajafikisha, aliwekwa askofu wa jimbo letu, Mwafrika wa kwanza kukamata kiti hicho. Alikaa hapo miaka 30 na zaidi. Aliwahimiza watu kulima, kutengeneza barabara na kujijengea mashule bila kungojea serikali. Mwaka 1989 alianzisha Université catholique du Graben hapa Butembo, na tangia siku hiyo mabinti wengi wa vijiji vyetu wamepata njia ya kusoma karibu na nyumbani.

Kisha mambo yakabadilika. Tarehe 29/10/1996 Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa ku Bukavu, wakati wa vita. Mwaka uliofuata Kataliko alitumwa kukamata nafasi yake. Alikuwa na miaka karibu 65. Angeweza kubakia kwao, mahali kila mtu anamujua. Alienda kuanza upya kati ya Bashi na Bahavu, kwa watu ambao lugha yao haikuwa ya mama yake.

Mwaka 1998 vita ya pili ililipuka, na Bukavu ikaangukia mikononi mwa RCD iliyosaidiwa na Rwanda. Kwa Noeli ya 1999, Kataliko aliandika barua kwa wakristu wake. Alilaumu wageni waliokuwa wakinyonya inchi, na Wakongomani waliowasaidia. Wakubwa wa RCD walimushitaki kwamba anachochea chuki ya makabila. Mwezi wa 2 mwaka 2000, walimutoa Bukavu kwa nguvu na kumurudisha Butembo.

Tuangalie vizuri azabu hiyo. Ni kama walimuambia: rudi kwenu. Pengine walifikiri Bashi hawatasumbuka juu ya Munande. Walikosea. Watu wa Bukavu waligoma, mashule yakafungwa, misa zikasimama kwa muda. Walimudai kama mtu wao. Kisha miezi 7, tarehe 14/9/2000, alirudi, na umati mkubwa ukatoka kumupokea.

Furaha haikudumu. Wiki 3 tu zilipita, akiwa safarini Roma, moyo ulimusimama. Alikufa tarehe 4/10/2000. Mwili wake ulirudishwa Bukavu, akazikwa huko, si Butembo.

Kataliko hakuficha kama ni Munande, na Bukavu haikumuomba aache kuwa Munande. Watu walitazama kazi yake, na namna alibakia nao siku za hatari. Basi mwalimu ao muuguzi mgeni akifika hapa Vuhovi, akiwa Mushi, Mubudu ao Muhunde, sisi tutamuuliza swali gani la kwanza?