Mtawa wa Njegere na Farasi Mwekundu

Swali lilikuwa hili: farasi dume mweusi na farasi jike mweusi wamezaa mtoto mwekundu kama kutu. Eleza. Mimi nilieleza, tena kwa mwandiko safi, kwamba mwenye farasi alibadilishiwa mtoto na wezi. Sufuri! Darasa zima lilicheka hadi machozi, nami nikaapa kuachana na Biolojia. Mwalimu hakunikemea. Alinipa kitabu kuhusu Gregor Mendel, na huyo ndiye ninayetaka kuwasimulia.

Alizaliwa mwaka wa 1822 kijijini Heinzendorf, ambako leo ni Hynčice, Jamhuri ya Czech. Jina la nyumbani lilikuwa Johann; Gregor alipewa utawani. Babake, mkulima, aliumizwa vibaya na gogo mwaka wa 1838, na karo ikawa taabu tupu. Dadake mdogo, Theresia, akajinyima sehemu ya mali aliyowekewa ya ndoa ili kakake asome. (Kwao bibi harusi ndiye aliyekwenda na mali, si kama kwetu.) Mwaka wa 1843 akaingia monasteri ya Mtakatifu Thomas mjini Brno.

Sasa sikilizeni. Mwaka wa 1850 alifanya mtihani wa ualimu, akaanguka. Elimu ya wanyama ilikuwa miongoni mwa yaliyomwangusha! Akaenda Chuo Kikuu cha Vienna, akarudia mtihani mwaka wa 1856, asiupate tena. Cheti cha ualimu hakukipata hadi kufa. Hapo nilikiweka kitabu chini nikapumua.

Mwaka huo huo wa 1856 alianza kupanda njegere, hizi tunazoziita minji, katika bustani ya watawa. Alifanya hivyo hadi 1863, mimea kama 28,000, akihamisha chavua kwa mkono wake. Si mchezo! Alizalisha zenye mbegu za manjano na zenye mbegu za kijani. Watoto wote wakawa manjano. Kijani kimeenda wapi? Kumbe kimejificha tu. Watoto hao walipojizalia wenyewe, alihesabu mbegu 6,022 za manjano na 2,001 za kijani, yaani tatu kwa moja.

Mwaka wa 1865 aliwasomea wanasayansi wa Brno, na mwaka wa 1866 yakachapishwa. Kimya. Akafanywa abate mwaka wa 1868, akamalizia miaka yake akizozana na serikali juu ya kodi. Aliaga dunia tarehe 6 Januari 1884, na hadi 1900 ndipo wataalamu walipoitambua kazi yake.

Farasi hakuwachunguza kamwe. Ni Mwingereza C. C. Hurst aliyepekua daftari za farasi wa mashindano, na mwaka wa 1906 akaonyesha kwamba wazazi wekundu wawili huzaa wekundu karibu daima. Wekundu wa farasi ni kama kile kijani: hujificha. Basi wale weusi wangu kila mmoja alikuwa ameuficha, na mtoto akapokea fungu kwa baba na fungu kwa mama. Nafasi ni 1 katika 4. Hakuna aliyeibiwa! Jeni yenyewe, MC1R, ilitambuliwa mwaka wa 1996.

Juzi mwalimu katuletea jingine: farasi wawili wa rangi ya dhahabu wamezaa mtoto mweupe kama maziwa, macho buluu. Safari hii sikumtaja mwizi. Nilichora visanduku vinne: fungu moja la jeni ya krimu huugeuza wekundu kuwa dhahabu, mafungu mawili huleta weupe ule na macho yale. Alama zote.