Scipio Africanus wa Henbury

Huko Henbury, kijiji ambacho leo ni sehemu ya mji wa Bristol, Uingereza, liko kanisa la Mtakatifu Maria. Katika makaburi ya kanisa hilo amezikwa kijana Mwafrika aliyefariki tarehe 21 Desemba 1720, akiwa na umri wa miaka 18. Aliitwa Scipio Africanus.

Jina hilo halikuwa la kwao. Scipio alikuwa jemadari wa Roma, naye alipewa sifa ya Africanus kwa kuwashinda watu wa Karthago, Afrika ya Kaskazini, mwaka 202 kabla ya Kristo. Basi mtoto wa Kiafrika akaitwa kwa jina la mshindi wa Afrika! Ndiyo iliyokuwa desturi ya mabwana, kuwapa watumwa majina makubwa ya Kirumi. Sisi tunaomwita mtoto kwa jina la babu yake twaelewa alinyang'anywa nini.

Scipio alitumika nyumbani kwa Charles William Howard, Earl wa Suffolk, kabaila aliyekaa Henbury. Bristol wakati ule ilikuwa ikitajirika kwa biashara ya watumwa. Waafrika wengi walizikwa Uingereza bila alama yoyote, lakini huyu aliwekewa mawe mawili, moja kichwani na moja miguuni, yaliyochongwa maua na makerubi, kisha yakapakwa rangi. Nyuso za makerubi hao ni nyeusi.

Jiwe la miguuni lina mashairi, kana kwamba kijana mwenyewe anasema: alizaliwa mpagani na mtumwa, sasa amelala Mkristo, na weusi wake utageuzwa kuwa nuru. Hapo mtunzi alikosea, maana weusi wa ngozi si giza la kuondolewa. Aliyechora makerubi, naona, alifikiri vema zaidi: alimwekea malaika wanaofanana naye.

Bwana wake alifariki mwaka 1722. Mawe yalidumu karibu miaka 300. Kisha Juni 2020, siku chache baada ya umati kuiangusha sanamu ya Edward Colston, mfanyabiashara wa watumwa, mjini Bristol, kaburi la Scipio liliharibiwa, na jiwe moja likapasuliwa vipande viwili. Watu wakachanga fedha litengenezwe.