Mzee wa Ukerewe Aliyeandika Upya Kazi Yake

Darasani kwetu wananiita Mzee. Nina miaka 38, nipo mwaka wa pili masomo ya kompyuta, na wengi ninaokaa nao benchi moja walizaliwa nikiwa nimeshamaliza shule ya msingi. Jina hilo halinisumbui. Kilichoniuma ni usaili mmoja nilioufanya hapa mjini kabla sijarudi chuo. Nilikuwa nimeandika programu kwa miaka 12, lakini nikaambiwa kwamba lugha ninayoitumia imepitwa na wakati na kwamba kazi hii ni ya vijana. Nilitoka pale nikiwaza bora nikalime mpunga.

Aliyenirudisha kwenye kompyuta ni mtu ambaye nadhani hakuwahi kuigusa. Wanachuo wa Kiswahili mnamfahamu, sisi wengine tunapita tu: Aniceti Kitereza.

Alizaliwa mwaka 1896 Ukerewe, kisiwa ambacho ukitoka Mwanza unapanda meli hadi Nansio. Alitoka katika ukoo wa watawala wa kisiwa hicho. Alisomeshwa na Mapadre Weupe, kwanza kisiwani, kisha Seminari ya Rubya upande wa Bukoba, na huko akajifunza lugha kadhaa, Kilatini na Kijerumani zikiwemo. Upadre hakuufikia. Alirudi akamwoa Anna Katura, na watoto wao hawakuishi. Riziki aliitafuta kwa ukarani, kisha kwa kuitumikia misheni kama mfasiri.

Kazi yake kubwa aliikamilisha mwaka 1945, akikaribia miaka 50. Ni riwaya ndefu kwa Kikerewe, inayomhusu Myombekere na mkewe Bugonoka, ambao hawajapata mtoto. Wakwe wanamchukua binti yao, mume anahangaika kumrudisha, wanatafuta tiba, na hatimaye wanapata Ntulanalwo na Bulihwali. Ndani yake humo kuna pombe ya ndizi inavyotengenezwa, watu wanavyovua, wanavyotibiana na wanavyosalimiana. Kitereza aliona mambo hayo yanapotea, akayaweka kwenye maandishi.

Hapo ndipo ilipokwama. Wachapishaji hawakuwa tayari kuchapa kitabu kinene kwa lugha yenye wasomaji wachache namna ile. Kazi ilikuwa nzima, haina kasoro, ila imeandikwa kwa lugha ambayo soko halikuitaka. Mwandishi wa programu yeyote aliyezeeka kazini anaijua hali hiyo.

Miaka ikapita, zaidi ya 20. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakafika Ukerewe watafiti wawili kutoka Marekani, Gerald na Charlotte Hartwig, wakamhimiza aitafsiri kwa Kiswahili. Mzee alikuwa ameshavuka miaka 70. Angeweza kusema nimechoka, waje vijana waifanye. Hakusema hivyo. Alikaa chini akaiandika upya mwenyewe, sura kwa sura, kwa lugha ambayo taifa zima lilikuwa linaisoma.

Jamani, tusidanganyane, hilo si jambo dogo. Mtu mwingine mwenye Kiswahili kizuri angeweza kuipata sarufi, lakini Ukerewe ile ya zamani angeitoa wapi? Lugha mpya inajifunzika. Kujua kitu unachokieleza ndiko kunakochukua umri.

Nilipolielewa hilo, nikaikumbuka programu yangu ya kwanza, ya mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba. Kuiandika hakukunitoa jasho. Jasho lilinitoka nilipojifunza jinsi magunia yanavyohesabiwa, nani anakopeshwa na kwa masharti gani, na mzigo ukinyeshewa hasara inakuwa ya nani. Ile lugha ya programu imeshapitwa, ni kweli. Lakini hesabu za dagaa bado ninazo kichwani, na kijana wa miaka 22 itabidi akakae mwaloni kama nilivyokaa mimi.

Na wapo waliothibitisha hili kwenye kompyuta zenyewe. Grace Hopper, Mmarekani aliyezaliwa 1906, alistaafishwa na jeshi la majini mwishoni mwa 1966. Mwaka uliofuata wakamwita arudi, kwa sababu walihitaji mtu wa kuziweka sawa programu zao za COBOL. Alikuja kuondoka jeshini 1986, ana miaka 79.

Lakini hadithi ya Kitereza haina mwisho mtamu, na sitaki kuwauzia matumaini matupu. Kitabu kilitolewa na Tanzania Publishing House, na yeye akafariki mwaka 1981, muda mfupi kabla nakala hazijamfikia. Tangu alipoukamilisha mswada ilikuwa imepita miaka 36. Baadaye riwaya ilitafsiriwa kwa Kijerumani, na mwaka 2002 ikatoka kwa Kiingereza kwa mkono wa Gabriel Ruhumbika, naye mwana wa Ukerewe. Hayo yote mwenyewe hakuyaona.

Kwa hiyo nimejifunza mambo mawili kwake. La kwanza, umri haukuondoi kwenye kazi kama unakubali kukaa chini uandike upya ulichokijua kwa lugha ya leo. La pili, usingoje. Kitereza alisubiri mgeni apande meli aje kumwambia aanze. Mimi sikutaka kumsubiri mtu, ndiyo maana nipo mwaka wa pili na nywele zangu za mvi mbili tatu.

Programu ya dagaa naiandika upya muhula huu, kwa lugha hiyohiyo mnayoisoma ninyi. Usiku nikikwama nawagongea vijana wa chumba cha jirani wanielekeze, na wao wakikwama kwenye hesabu za mwaloni wanakuja kwa Mzee.